Mapigo Matatu ya Kufunga Kazi

Karakanani, 12 Februari

Mdogo wangu Shoto,

Sisi tunapumua. Baba yuko palepale kitandani, miguu imekataa kabisa, mwaka wa pili huu. Mdomo haujambo, na masikio ndiyo kwanza yameongezeka ukali. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Ukuta wa kati ya chumba chake na karakana ni mbao tupu. Nikisema "halo" tu, anauliza nani huyo, anataka nini, na mbona nacheka. Ukijibu, barua itume kwa Mama Fundi, yule mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Ataniletea ndani ya nguo.

Nina jambo. Chuo cha ufundi kimenipa kazi ya kufundisha uhunzi. Mimi, niliyeishia darasa la saba. Mkuu wao alikuja mwaka jana kutengenezewa patasi, akakaa kwenye benchi saa nzima ananitazama, nikadhani ni mtu wa kodi. Sasa wameandika. Chumba kipo, mshahara upo, ila nisiporipoti kufikia tarehe mosi Juni nafasi anapewa mwingine. Shangazi amekubali kuja kukaa na Baba. Kila kitu kimekaa sawa isipokuwa Baba mwenyewe.

Nilipomwambia hakugomba. Angegomba ningepata nafuu. Alisema, "Siku fuawe ikilia, nenda." Akageukia ukutani.

Unajua anachosema. Kwetu tangu babu, kazi hufungwa jioni kwa mapigo matatu ya nyundo juu ya fuawe tupu, bila chuma cha kufuliwa juu yake, na apigaye ni mwenye fuawe. Kabla ya pigo la tatu hakuna anayevua aproni, hata kama mikono inataka kung'oka. Na tangu ile siku ukingo wa fuawe ulipovunjika Baba hajapiga hata moja. Anasema hawezi kufunga kazi kwa kitu kinachokohoa. Kwa hiyo mimi, kwa hesabu zake, niko kazini mwaka wa kumi na moja huu sijatoka. Nazima taa, naenda kulala, lakini kazi haijafungwa.

Na anayejulikana kuwa aliivunja ni mimi. Sikukumbushi kwa ubaya. Nilisema "ni mimi" kwa hiari yangu, kwa sababu wewe ulikuwa na tiketi ya basi la asubuhi na mimi sikuwa na pa kwenda. Sasa ninapo.

Ufa umezidi. Unaanzia pale kipande kilipotoka, kwenye ukingo wa upande wa dirishani, unaingia katikati ya uso kiasi cha shubiri moja. Ukigonga hapo inatoa sauti ya debe. Wewe unachomelea meli nzima huko. Njoo uichomelee. Wiki moja tu, Shoto.

Dada yako


Kiwandani, 27 Februari

Dada,

Hongera, Mwalimu. Kuanzia leo nitakuwa nakuamkia mara mbili, ya udada na ya ualimu.

Kuja siwezi. Meli mbili zimepandishwa kutengenezwa, na hapa bila mimi hakiingii kitu wala hakitoki. Nikigeuka kidogo tu wananiita. Lakini usihangaike, kazi yenyewe ni ndogo. Azima mashine ya kuchomelea kwa yeyote anayetengeneza mageti. Saga ule ufa kwa grinda mpaka uone chuma safi, uache mfereji. Kisha ujaze mfereji kwa rodi ya kuchomelea, tabaka juu ya tabaka, na ukingo uujenge vivyo hivyo. Ukimaliza saga uwe sawa. Nusu siku imekwisha. Vaa kioo, usije ukaungua macho.

Karatasi ya pili ni ya kumsomea Baba. Hii ya kwanza itie motoni. Kuhusu ile siku, nitamwambia mimi mwenyewe, ana kwa ana. Nimekwisha kuapa.

Shoto

(Karatasi ya pili)

Shikamoo Baba. Mimi mzima na kazi ni nyingi. Wameniongezea watu wa kuwasimamia. Nakumbuka ukisema mkono wangu wa kushoto hautanifikisha popote, nami nikisimama peke yangu upande wa dirishani wakati nyote mko upande wa mlango. Basi mkono huohuo unanilisha. Ugua pole. Mwanao.


Karakanani, 18 Machi

Shoto,

Nimeiharibu.

Fundi Mageti wa pale kona aliniazima mashine yake Jumapili. Nikasaga, nikajaza, tabaka juu ya tabaka kama ulivyosema. Ilipendeza jamani, ilimeta. Nikamwita Mama Fundi aje kuona, akasema angekuwa na uso kama huo angeolewa tena. Tukacheka. Nikaenda kunawa mikono.

Nikasikia "tii". Sauti nyembamba, ya bilauri baridi iliyomiminiwa maji ya moto. Nikasimama na sabuni mkononi. Ikaja nyingine. Hadi kufika alasiri ile kazi yangu yote ilikuwa imebanduka, na ufa uliokuwa shubiri moja sasa ni mbili, umefika shina la ile pembe ya mbele ya fuawe. Nilikaa chini kwenye vumbi la chuma nikalia, sina haja ya kukuficha.

Baba akasema nyuma ya mbao, "Imepasuka." Hakuuliza. Akangoja kidogo, akasema, "Basi. Sasa tulia, ukae." Na sauti yake, Shoto, ilikuwa nzuri. Sijamsikia na sauti nzuri hivyo tangu miguu ikatae. Jioni aliomba chai ya pili.

Jumatatu Fundi Mageti alipokuja kuchukua mashine aliinama akaiangalia, akaniuliza, "Uliipasha moto kwanza?" Nikamwambia mdogo wangu ni mchomeleaji wa meli na hakusema habari za kupasha. Kisha akaniuliza kama hizo meli anazochomelea mdogo wangu huwa zinafika.

Nami nakuuliza, na unijibu kama mtu mzima. Umewahi kuchomelea chuma cha unene huu? Umewahi kuchomelea chochote?

Nimebakiwa na miezi miwili na siku kadhaa. Kila siku naamka nahesabu.

Dada yako


Kiwandani, 2 Aprili

Dada,

Hapana. Na hapana. Ndiyo majibu ya maswali yako yote mawili.

Mimi ni mlinzi wa geti. Nafungua, nafunga, naandika namba za malori. Nilipofika hapa walinipa mtihani wa kuchomelea siku ya tatu. Nikashika rodi, nikawa naona tu kile kipande cha fuawe kikiruka, rodi ikanidondoka. Wakanicheka, wakaniuliza kama naweza kulinda geti. Picha ile niliyowatumia nimevaa kofia ya mchomeleaji, kofia niliazima. Niliwaza nitadanganya mwezi mmoja, nijifunze, iwe kweli. Miaka ikanipita palepale getini. Chumba changu kiko nyuma ya geti, hatua tisa. Natoka mpaka bombani kuchota maji, narudi. Funguo zote ziko kiunoni kwangu na sina ninapokwenda.

Nilikuharibia. Nilisikiliza vijana wakizungumza wakati wa chakula, nikaunganisha maneno nusunusu, nikakuandikia kwa kujifanya bingwa. Ningeuliza vizuri wangejua sijui. Aibu yangu imekupasulia fuawe mara ya pili.

Sasa nisikilize, maana haya si yangu. Kuna mzee hapa tunamwita Kobe, mchomeleaji kuliko wote, hana haraka na hasalimii mtu. Juzi asubuhi nilikataa kumfungulia geti. Nikamwambia sifungui mpaka anieleze jinsi ya kuunganisha fuawe. Alinitazama, akakaa juu ya tofali akatoa mkate wake, akaanza kueleza huku anatafuna. Asubuhi tatu. Leo kaja mapema mwenyewe ili amalizie. Nimeandika kila neno:

Saga kazi yote iliyopasuka uitoe, mpaka mwisho wa ufa, na upite kidogo. Ukiacha hata unywele, utarudi. Panga matofali, weka fuawe juu, izungushie bati, ujaze makaa, uipashe taratibu tangu asubuhi. Usianze kuchomelea mpaka tone la maji likidondoka juu yake lisikae, likimbie. Chomelea vipande vifupi, urefu wa kidole. Kila kipande kikiwa bado chekundu kigonge kwa nyundo ndogo, kigonge kote, kabla ya kuweka kingine. Chini rodi laini, tabaka mbili za juu ni rodi ngumu. Rodi ngumu nakutumia kwa basi, Kobe amezitoa kwenye sanduku lake mwenyewe. Zikaushe kwanza kando ya moto. Usiruhusu fuawe ipoe katikati ya kazi, hata kama Baba anaita. Ukimaliza ifukie yote kwenye majivu ya moto na mchanga mkavu, siku tatu. Kobe kasema kwa kidole hivi: usifunue, usichungulie, usiguse. Chuma kinene kikipashwa upande mmoja na kupoa ghafla hujivuta, hujipasua chenyewe.

Karatasi ya pili ni ya Baba. Nimeandika kuwa niliivunja mimi, kwa nyundo kubwa, kwa makusudi, kwa hasira, kwa sababu alikuwa amekataa niondoke. Nimeandika kuwa wewe ulikuwa jikoni. Na ya geti nimeandika. Niliapa nitamwambia ana kwa ana lakini wewe na mimi tunajua nilikuwa najiahirisha. Msomee utakapoona inafaa. Ukiona haifai, ichome, sitakuuliza.

Shoto


Karakanani, 6 Mei

Shoto,

Fuawe inalia.

Rodi zilifika zimefungwa kwenye gazeti na kamba ya katani, na mtu ameandika juu kwa mkaa: KAUSHA. Nadhani ni Kobe. Nilianza kupasha alfajiri. Saa nne tone la maji likakaa, saa sita likakaa, saa saba likaruka likakimbia mpaka pembeni likaisha. Fundi Mageti alikuja kwa udadisi, akaishia kunishikia bati. Tulipeana zamu, mmoja anachomelea, mmoja anagonga. Joto lilinikausha nyusi. Baba aliita mara sita. Mara anataka maji, mara anataka dirisha, mara anataka kujua saa. Mara ya sita nililia huku nachomelea, lakini sikuacha. Mama Fundi alimpelekea maji akakaa naye.

Tukaifukia. Siku tatu, mdogo wangu, nilizunguka lile fungu la majivu. Nilifagia kuta. Nilipanga koleo zote kwa urefu. Niliogopa kulala nisije nikasikia "tii". Sikuisikia.

Siku ya nne nikaifunua, nikasaga uso, nikaweka pima maji, ukawa sawa. Nikachukua goroli ya chuma ya kupimia ugumu, nikaiachia juu ya uso toka urefu wa kiwiko. Wakati wa ufa ilikuwa inadondoka inakufa palepale. Safari hii iliruka ikarudi karibu na mkono wangu. Nikachukua nyundo nikagonga mara moja, juu ya ule ukingo wa dirishani. Mama Fundi akatoka dukani kwake na tepu shingoni. Watu wakageuka barabarani. Nilikuwa nimeisahau sauti yake.

Baba akasema nyuma ya mbao, "Ifunge mnyororo." Unajua ule mnyororo wa kuzungushia kiunoni mwa fuawe ili isipige kelele. Eti sauti inampasua kichwa. Miaka yote alisema mpaka ilie, mpaka ilie, imelia, anataka inyamaze.

Nikaingia na karatasi yako. Sikupanga, hasira ilinisukuma. Nikasoma kwa sauti. Nilipofika pale "ni mimi niliyeivunja", akanyoosha mkono niache kusoma.

"Ukingo uliovunjika uko upande gani?" akaniuliza.

"Wa dirishani."

"Nani alikuwa anasimama upande wa dirishani?"

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, Shoto. Wewe peke yako ndiye shoto kwenye nyumba hii. Sisi sote tunapiga kutoka upande wa mlango, hata nyundo zetu haziufikii ukingo ule. Nimeuona kila siku, nimeusaga kwa mikono yangu, sikuwahi kufikiri. Yeye alijua kabla hajatua gunia la makaa aliloingia nalo siku ile.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu akitazama dari, "Ningesema, ungeondoka na wewe. Nani angebaki?"

Nilikuwa nadhani namdanganya yeye. Kumbe yeye ndiye alikuwa ananidanganya, asubuhi na jioni, huku nampelekea chai. Siku ile nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Nikamwambia basi, umeisikia, funga kazi, piga matatu yako. Akasema kupiga kunataka kusimama, na yeye hasimami, na asiye mwenye fuawe hapigi. Akanitazama. "Labda unibebe." Mgongo wake peke yake ni mzito kunishinda, na anajua.

Nimempikia, nimemfulia, sijamsemesha siku ya tatu leo. Nikifikiri kuondoka, miguu yangu inakuwa kama yake.

Dada


Kiwandani, 15 Mei

Dada,

Ondoka.

Usingoje apige. Hatapiga. Usingoje niseme vizuri. Chukua begi, panda basi, ufike tarehe mosi. Usipoondoka safari hii utakuwa mimi, tofauti ni geti tu.

Ungetaka nikwambie nakuja. Nilitaka kukuandikia kuwa nimeomba ruhusa nikanyimwa, nikaandika kabisa, nikaichana hiyo karatasi. Sijaomba. Naogopa kuingia pale mlangoni. Naogopa ile fuawe kuliko ninavyomwogopa Baba. Kobe ananiuliza kila asubuhi, "Imelia?" Nilipomwambia imelia akasimama, kwa mara ya kwanza akanipa mkono. Akaniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Nikamfungulia geti.

Shoto


Chuoni, 1 Juni

Mdogo wangu,

Nimeripoti. Saa tisa alasiri, siku yenyewe ya mwisho. Karani aliangalia saa, akaniangalia, akagonga muhuri.

Jana asubuhi Shangazi alikuwa jikoni anagombana na jiko letu. Begi lilikuwa mlangoni. Niliingia kumuaga Baba, akajifanya amelala, na Baba akilala kweli hukoroma. Nikamwambia, "Baba, nakwenda." Kope zikacheza. Akasema, "Bado kazi haijafungwa."

Nikatoka. Nikaufungua ule mnyororo, maana nilikuwa nimeufunga alivyotaka, nikautupa kwenye pipa la maji. Nikachukua nyundo ya Baba, ile yenye mpini uliobonyea kwa kidole gumba chake. Nikapiga la kwanza. Likazunguka karakana yote likatoka nje. Nikangoja liishe kabisa. Nikapiga la pili. Shangazi akanyamaza jikoni.

Nikaiweka nyundo juu ya fuawe, mpini ukielekea dirishani.

Baba akasema nyuma ya mbao, sauti ndogo sijawahi kuisikia, "Na la tatu?"

Nikamwambia, "La tatu lina mwenyewe."

Nimelia kutoka mlangoni hadi stendi. Nampenda, Shoto, na sijamsamehe, vyote viwili nilikuwa navyo ndani ya basi lilelile.

Nilipanda nimevaa aproni. Abiria wote walikuwa wananitazama, kondakta akaniuliza kama nimekuja kutengeneza gari. Hapa pia wananishangaa. Nimefika nayo ofisini, nimekula nayo, na sasa naandika nayo. Wamenionyesha chumba changu, kina kitasa kinachofungwa kwa ndani, nimekifunga na kukifungua mara nne. Lakini najua sheria yetu, nawe unaijua. Kazi iko wazi bado. Najaribu kuifungua ile kamba ya shingoni na vidole vinakataa.

Sikuamuru uje. Nilikufungulia njia mwaka ule, na sijuti. Ila pigo lile siwezi kukupigia.

Dada yako


Karakanani, 26 Juni

Binti yangu,

Anayeandika ni Mama Fundi. Mimi nasema tu. Akiongeza lake usimsikilize.

(Siongezi kitu. M. F.)

Shangazi yako anapika chumvi tupu. Mimi mzima.

Shoto alifika Alhamisi na begi moja na mkate aliopewa na mzee wa huko. Amenenepa. Hakuingia karakanani. Siku mbili alikuwa anapita nje, anaingilia mlango wa jikoni. Hatukusemeshana zaidi ya shikamoo na marahaba. Nami nilikuwa namsikiliza anavyopita.

Jana jioni nilimwita. Nikamwambia anibebe. Alinibeba na kiti changu, Shangazi yako akipiga kelele kuwa ataniangusha, akanitua karibu na tanuri. Miaka miwili sijaiona karakana. Umepanga koleo kwa urefu. Nikapapasa ule uso. Nimetafuta ulipounganishwa kwa vidole, na vidole vyangu havijafa, sikupaona.

Alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia asogee. Akasema hawezi, fuawe si yake. Nikamwambia, "Wala si yangu tena. Ni ya dada yako, yeye ndiye aliyeiunganisha, na pigo hili ni yeye aliyekuachia. Zunguka usimame upande wako."

Akazunguka. Mkono ulikuwa unamtetemeka sana. Nilimshika kiwiko, mimi nimekaa, mpaka ukatulia.

Mwanangu, nilijua na nikanyamaza. Niliogopa kubaki peke yangu, nikakuweka wewe badala yangu kwenye hofu hiyo. Lilikuwa kosa na nililijua tangu siku ya kwanza. Sikuombi urudi. Shoto atakaa kidogo, kisha ataamua mwenyewe, mlango sijaufunga.

(Hapa ameomba chai, nikadhani tumemaliza. M. F.)

La tatu limepigwa, saa kumi na moja jioni, kwa mkono wa kushoto, upande wa dirishani. Kazi imefungwa.

Vua aproni.

Baba